Gumba la Vidole Kumi

Kitanda cha masaji kilisimama sebuleni, kati ya kochi na dirisha, kwa sababu hakikupita mlango wa chumba cha kulala. Tangu mtoto azaliwe hakikuwa kitanda tena, kilikuwa kaunta ya duka. Juu yake zilirundikwa pakiti za nepi, sabuni za mtoto, mablanketi ambayo hayajatolewa kwenye mifuko yake ya plastiki, beseni jipya ndani ya beseni jingine jipya, na mwanasesere mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Wageni walifika, wakaweka walichobeba, wakamchungulia mtoto, wakasema amefanana na baba yake, wakanywa chai. Chai ikiisha, shingo zao zilianza kuuma.

"Hapa, mwanangu," alisema shangazi wa mume, mgeni wa kwanza kabisa, akiwa ameshageuka na kumpa mzazi mgongo. "Papasa tu. Dakika mbili."

Dakika mbili za mwenye shingo hazijawahi kuwa dakika mbili, na aliyepewa mgongo alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Kazi yake ilikuwa kukanda wajawazito na waliojifungua, katika chumba kidogo cha masaji nyuma ya kliniki ya wazazi. Wateja ndio waliompa jina la Vidole Kumi. Jina likamfuata mpaka nyumbani, na sasa mama mkwe alilitangaza mbele ya wageni kama mtu anayenadi mali: "Huyu mkwe wangu mnamwona? Vidole Kumi! Ukitoka mikononi mwake unatembea kama msichana."

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Hawa walikuja na jembe lao siku ya kwanza, wakamkabidhi mwenyeji.

Angekuwa mzima, angenuna moyoni na kukanda. Lakini hakuwa mzima. Kila alipomnyanyua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa, maumivu makali yalianzia kwenye shina la gumba la kulia, yakapanda mpaka nusu ya mkono. Si ugonjwa wa ajabu. Huwapata wanyonyeshaji wengi, kwa kuwa mtoto hunyanyuliwa mara nyingi mno kwa namna ileile, na huwapata wakandaji kwa sababu hiyohiyo. Yeye alikuwa wote wawili. Daktari wa viungo wa palepale kliniki, mwanamke asiyepamba maneno, aliubonyeza mkono, akamtazama usoni alivyoruka, kisha akamfunga gango la kitambaa kigumu chenye kibao ndani yake.

"Usikande mtu," alimwambia. "Hata mumeo. Hata mimi nikija kukuomba. Ala, ule mfuko unaozishika hizi kano, imevimba. Ukiipumzisha, itanywea. Ukiendelea, tutazungumza habari za kisu, na baada ya kisu mimi siahidi kwamba utakuwa na gumba lilelile."

Kwa mwalimu au karani hayo yangekuwa maneno ya kusikitisha. Kwa mkandaji yalikuwa na maana moja: gumba likiondoka, kazi imeondoka.

Aliwaeleza watu wa nyumbani. Aliwaeleza wageni. Wote walisema pole, na baada ya pole kila mmoja alijitafutia ruhusa yake. Shangazi alishauri atumie kiwiko. Wifi yake alishauri mkono wa kushoto, "maana huo umekaa bure." Mke wa mwenye nyumba alisema yeye wala hahitaji kukandwa kwa nguvu, anahitaji kukandwa kwa upendo. Mama mkwe hakushauri kitu. Alikaa kwenye kigoda, akakunja gauni juu ya goti lake linalouma, akangoja. Na mama mkwe ndiye aliyekuwa akipika, akifua na kumwogesha mzazi maji ya moto tangu arudi kutoka hospitali. Goti la mtu anayekufulia nguo halikataliki. Vidole Kumi akalikanda, na mkono ukalipa.

Lililomchoma zaidi ya mkono lilikuwa jambo jingine. Kule kazini alikuwa na utaratibu asiouvunja. Mjamzito akiletwa na mumewe, mama yake au dada zake, wote walibaki nje. Mlango ukifungwa, aliuliza swali moja, "Panauma wapi?", kisha akanyamaza. Hakumsaidia mtu kujibu. Wanawake wengine walianza na mgongo, wakaishia kwenye jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza. Ndipo mikono ilipoanza kazi.

Tangu ajifungue, watu waliopita katika sebule ile walitosha kujaza kliniki. Waliuliza uzito wa mtoto. Waliuliza kama maziwa yanatoka. Waliuliza, bila haya, lini ataleta mwingine. Mabega yake yalikuwa yamekakamaa kwa kuinama kunyonyesha, kiuno kilimkataza kukaa na kilimkataza kusimama, na hakuna kiumbe aliyemuuliza panapouma. Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini hata kinyozi ana mtu anayemnyoa.

*

Asubuhi ile mume wake alirudi kutoka zamu ya usiku, akala, na badala ya kwenda kulala akaanza kupiga pasi shati. Alikuwa mtunza vifaa katika ghala la vipuri, mtu mpole, mwenye tabia ya kusema mambo mazito akiwa ametazama kitu kingine.

"Leo kuna mgeni," aliiambia kola.

"Kila siku kuna mgeni."

"Huyu ni mke wa msimamizi wangu. Mimba yake imekua, kiuno kinamsumbua sana, masikini. Hata kulala halali."

Vidole Kumi aliacha kumpangusa mtoto mdomo. "Umemwahidi nini?"

"Sikumwahidi. Nilitaja tu."

"Ulitaja nini?"

Pasi ilipita mara mbili juu ya mfuko uleule. "Nilitaja kwamba upo nyumbani."

"Nipo nyumbani kwa sababu nimezaa!"

"Sikiliza kwanza, mama. Msimamizi akifurahi, anaweza kunipa zamu ya mchana. Nikipata zamu ya mchana, usiku niko hapa, nakusaidia na mtoto, nawe unapumzika. Mimi nakufikiria wewe."

Alimtazama. Hakuwa anadanganya, na hapo ndipo hasira ilipokosa pa kushika. Mtu huyu alikuwa amekaa, akapiga hesabu kwa uangalifu wote, akaona njia ya kumpumzisha mkewe ni kuuvunja mkono wake kwanza.

"Daktari alisema hata wewe usikandwe. Ulikuwepo."

"Mara moja tu."

"Shangazi alikuwa mara moja tu. Wifi alikuwa mara moja tu."

"Sasa nimwambie nini? Ameshatoka kwao." Alichomoa pasi, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Usiniaibishe, tafadhali."

Mama mkwe aliingia na sufuria ya maji ya kumwogeshea mtoto, akakuta kimya, akakitambua. "Kuna nini?"

"Mkono wangu, mama."

"Gumba tu," alisema mama mkwe, akamimina maji kwenye beseni. "Si una vingine tisa? Sisi tulizaa tukarudi shambani, gumba nani alikuwa na habari nalo. Haya, vua hilo lidude, mtoto aogeshwe."

Alilivua gango, kwa kuwa halikupaswa kulowa, akaliweka ukingoni mwa dirisha kama kila siku. Akamwogesha mtoto kwa mkono wa kushoto na robo ya mkono wa kulia. Alipomaliza kumfunga nepi na kunyonyesha, mtoto akalala. Akageukia dirishani. Gango halikuwepo.

Alitafuta chini ya kochi, nyuma ya pazia, katikati ya nepi. Hodi ikapigwa.

*

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu, amebeba tumbo mbele na mto kwapani. "Mto wangu mwenyewe," alisema, akihema kwa ngazi. "Nimeambiwa wajawazito hulazwa ubavu. Sikutaka kukusumbua kwa mito."

Huyo alikuwa mgeni wa kwanza kufikiria habari ya kutomsumbua mtu, na Vidole Kumi alijikuta akimpenda bila kutaka. Alitazama alivyoketi: polepole, uzito wote upande wa kushoto, mkono ukishika nyuma ya nyonga. Macho ya kazi hayana likizo. Alijua maumivu yalipo kabla ya mwenyewe kusema. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu ndivyo alivyouliza siku zote.

"Panauma wapi?"

Mgeni alimwonyesha, akaeleza, na kadiri alivyoeleza sauti ikashuka. Hapati usingizi. Akigeuka kitandani anashika ukuta. Mume anasema ni kawaida.

"Miguu haijavimba mmoja kuliko mwenzake? Hakuna unaopata moto, unaouma kwenye kigimbi? Kichwa? Macho hayaoni vimulimuli?"

"Hapana. Kliniki wanasema niko sawa. Ni kiuno tu."

"Kiuno si 'tu.'"

Mama mkwe alileta chai huku anatabasamu kwa meno yote. "Umefika, mwanangu. Huyu akikushika leo, kesho utaruka kamba."

"Nimesikia sifa zake," alisema mgeni. "Nami nilisita, jamani. Nikamwambia mume wangu, mtu ametoka kujifungua juzi, nitaendaje kumpa kazi? Lakini shemeji hapa," akamwelekezea kikombe mume aliyesimama mlangoni na shati lake la pasi, "aliniambia mwenyewe unaomba. Kwamba umechoka kukaa bure, mikono inakuwasha kwa hamu ya kazi."

Mume alichunguza kifungo cha shati lake.

Vidole Kumi aligeuka. Alikwenda kwenye kitanda, akahamisha rundo moja la nepi, akafungua chupa ya mafuta. Ukweli ni kwamba mikono ilifanya hayo yenyewe. Mbele yake kulikuwa na mjamzito asiyelala, na maishani mwake mwote hakuwahi kumrudisha mjamzito mlangoni. Akampaka mgeni mafuta nyuma ya nyonga, palepale alipokuwa amekaa, kupima tu. Akabonyeza.

Gumba lilijibu. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, vidole vikafunguka vyenyewe, chupa ya mafuta ikaanguka na kuviringika chini ya kochi.

"Dada! Vipi?"

Alisimama ameushika mkono kwa mkono. Aliwaza jambo moja tu, kwa utulivu uliomshangaza: ikiwa atasema leo "si kitu," atasema hivyo hivyo kesho, na siku moja daktari wa viungo atamwambia nenda ukatafute kazi nyingine, na sebule nzima itasema pole.

"Mama," alisema bila kupandisha sauti. "Gango langu liko wapi?"

"Gango gani?" Mama mkwe alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"La mkono wangu. Lililokuwa dirishani."

"Aa, lile. Si... Nililisogeza. Lilikuwa linatisha. Mgeni akiona kitu kama kile si atadhani nyumba ina wagonjwa?"

"Nyumba ina mgonjwa."

Mama mkwe alikwenda kwenye kabati la vyombo, akafungua droo, akalitoa gango katikati ya miiko, akaliweka mezani kwa vidole viwili. Mgeni alilitazama. Kisha akautazama mkono, uliokuwa umevimba waziwazi kwa mtu yeyote aliyekuwa na nia ya kuutazama.

"Shemeji," alisema taratibu, "ulisema anaomba kazi."

"Mimi nilikuwa... ni ile habari ya zamu," alisema mume. "Nilifikiri kama ukimwambia msimamizi neno zuri..."

"Zamu? Zamu zinapangwa makao makuu! Mume wangu mwenyewe amepangiwa usiku mwezi ujao, na tangu juzi ananuna nyumbani kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Zamu gani atakupa huyo?"

Basi gumba la mkewe lilikuwa limewekwa rehani kwa kitu ambacho hakikuwepo dukani. Mgeni alichukua mto wake, akaanza kujiinua. "Nisamehe, dada. Naondoka. Najiona mwizi."

"Hapana. Kaa," alisema Vidole Kumi. "Umekuja kwa kiuno chako, na hutarudi nacho kama kilivyo. Ila leo mikono si yangu."

Akavaa gango. Kisha akakiendea kitanda. Aliondoa nepi akaziweka sakafuni. Aliondoa sabuni, mablanketi, beseni na beseni lake. Mwanasesere alimpakatisha mama mkwe, aliyempokea kwa kuwa hakujua la kufanya. Kitanda kikaonekana, ngozi yake nyeusi ikiwa na vumbi la poda.

"Niazime mto, dada."

Akapanda, akalala ubavu wa kushoto, mto wa mgeni kati ya magoti, blanketi moja la zawadi chini ya kichwa. Uso wake ulielekea mlangoni, walipokuwa wamesimama wote wawili, mama na mwana.

"Nawa mikono," alimwambia mume.

"Mimi?"

"Si wewe uliyeahidi masaji?"

"Sasa mimi najua nini? Mimi nahesabu beringi."

"Ndiyo maana nitakufundisha. Dada ataangalia, akaonyeshe kwao. Msimamizi naye si ana mikono?"

"Anayo," alisema mgeni, akajikalia vizuri kwenye kochi kama mtu aliyefika kwenye harusi. "Anaitumia kushika rimoti."

"Mwanangu," mama mkwe aliingilia, mwanasesere kifuani, "mbele ya mgeni kweli? Mwanamume amekesha kazini. Hajalala hata lepe."

"Nami sijalala, mama. Tuko sawa. Wewe pia umechoka, naona, na goti lako najua linakuuma, maana nimelikanda kila siku. Mimi nilikuuliza. Wewe uliwahi kuniuliza?"

Mama mkwe alitazama miguu yake. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake wote walilijua.

Mume alinawa. Akapaka mafuta, mengi kupita kiasi, akayashika mabega ya mkewe kama anayepokea trei ya mayai. Alikuwa mwoga kuliko alivyokuwa mzembe, na woga unafundishika.

"Usibonyeze uti wa mgongo. Kando yake. Kwenye nyama, si kwenye mfupa. Tumia kiganja, uzito utoke mwilini mwako, usisukume kwa vidole. Ehe. Shuka. Umeona, dada? Hapo kwenye nyonga ndipo penye kiuno chako."

"Nimeona."

"Mwambie mumeo asikuguse tumbo, na ukisema basi, ni basi."

"Huyo nitamwambia mengi."

Mkono ulikuwa mzito na haukuwa na ustadi wowote. Ulipita mahali pa maumivu, ukarudi, ukakosa, ukapata. Vidole Kumi alifumba macho. Hakumsamehe mtu. Hasira ilikuwa palepale, nzima, kama sahani ambayo bado haijaguswa. Ila bega la kulia, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, liliteremka kutoka kwenye sikio.

"Panauma wapi tena?" aliuliza mume nyuma yake, kwa sauti ndogo.

Hakujibu upesi. Alingoja, kama alivyowangoja wengine, apate jibu lake mwenyewe.

"Chini ya bega la kulia. Halafu kiunoni. Halafu unyayo. Halafu nitakuambia."

Alikanda chini ya bega. Alikanda kiuno. Mgeni alinywa chai yake yote, akanyoosha mkono na kumchukua mwanasesere kutoka kwa mama mkwe, akawa anajaribu mwongozo wa nyonga mgongoni mwa yule mwanasesere. Kabla ya kufika unyayo, mume alisita, akakunja na kukunjua mkono.

"Hivi," alisema, "mbona gumba linauma?"

Vidole Kumi hakufumbua macho.

"Endelea."

"Kweli, linachoma. Hapa kwenye shina."

"Umemkanda mtu mmoja. Endelea."

"Jamani, mwenzako amechoka," alisema mama mkwe, lakini safari hii kwa sauti isiyo na uhakika.

"Nimesikia, mama. Nawa mikono, umpokee. Unyayo ni wako."

Kigoda kilikwaruza sakafu, maji yakamwagika jikoni, na mtu mwenye goti bovu akaja polepole upande wa miguu.

"Kwenye nyama, si kwenye mfupa," mgeni alimkumbusha.